Mtoto wetu daktari anakwenda Sudan Kusini. Sisi wa Kigoma tuliopokea madaktari wageni tumwambie nini?

Mkunga wa Gungu

Wakuu, habari za jioni.

Mtoto wa dada yangu ni daktari, na mkataba wake umetoka. Anakwenda Sudan Kusini na shirika moja la misaada ya tiba, mwezi ujao kama viza haitaleta maneno. Kamaliza intanshipu, kafanya kazi ya mkataba kwenye hospitali ya wilaya huku kwetu, leseni ya Baraza la Madaktari anayo, ajira ya serikali kaisubiri mpaka kachoka. Nyumbani wamegawanyika. Dada analia, shemeji anapiga hesabu za dola. Mimi nimeombwa nimpe neno kijana, kwa kuwa ni mkunga na nimefanya kazi kambini Kasulu.

Nimeona neno hilo nisilibebe peke yangu. Sidhani kama kuna mkoa Tanzania unaowajua madaktari vijana wa kigeni kama Kigoma. Nyarugusu ipo tangu 1996. Mtabila ilikuwepo hadi ikafungwa 2012, Mtendeli ikafungwa 2021. Kila kambi ilikuja na magari yake meupe, na kwenye magari hayo walishuka vijana wa miaka ishirini na kitu, stetoskopu shingoni, wametoka Ulaya, Marekani, Nairobi, popote. Tuliwapokea, tukawaonyesha soko lilipo, tukawafundisha kusema "pole mama" na "sukuma". Wengine tuliwaaga kwa machozi. Wengine, Mungu anisamehe, tulishukuru gari lilipowachukua.

Sasa zamu imegeuka, mtoto wetu ndiye anakwenda kuwa mgeni kwa watu. Ushauri wa madaktari wenzake ataupata kwenye semina za hilo shirika. Ninaoutaka hapa ni wa waliowahi kukaa upande wa kupokea. Naanza mimi.

Wodi ya utapiamlo, usiku. Kaletwa mtoto macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama, ameharisha siku mbili. Utepe wa kupima unene wa mkono umeangukia kwenye nyekundu, chini ya milimita 115. Daktari wa zamu alikuwa kijana wa kizungu, msomi na mpole. Akaagiza mtoto awekewe dripu na ifunguliwe yote. Nesi wa zamu alikuwa mama wa Kikongo, naye mkimbizi, analipwa posho. Akaishika ile koki ya dripu, hakuifungua, akasema: "Dokta, huyu ni wa utapiamlo. Tumpe kwa mdomo."

Kwa wasiojua: mtoto wa utapiamlo mkali anaweza kuonekana amekauka maji hata kama hajakauka kiasi hicho. Macho yameingia kwa sababu mafuta yameisha, ngozi imelegea kwa kukonda. Moyo nao umedhoofika. Ukimmiminia maji kwa mshipa yanamjaa kwenye mapafu, na unampoteza huku ukidhani unamwokoa. Huyo hupewa maji maalumu ya kunywa yenye chumvi kidogo, kidogo kidogo kwa kikombe au kwa mpira wa puani, huku mnahesabu pumzi na mapigo. Dripu ni ya aliyeingia kwenye mshtuko kabisa, na hata huyo ni polepole.

Yule kijana alimtazama nesi, halafu akauliza: "Hapa huwa mnafanyaje?" Akapindua ndoo, akakaa. Wakahesabu pumzi za mtoto pamoja, nesi anaita namba, yeye anaandika. Toka usiku ule manesi walikuwa wanamwamsha saa yoyote bila kuogopa.

Na nilimwona mwingine, si siku hiyo, aliyeambiwa neno kama hilo akajibu kwa sauti mbele ya mama wa mgonjwa kwamba daktari ni yeye. Nesi akaitikia "sawa dokta". Wodi nzima ikawa inaitikia "sawa dokta" mpaka alipoondoka. Kila alichoandika kilitekelezwa, hata kilichokuwa na kasoro, kwa sababu nani tena amkosoe?

Kwangu mimi neno ndilo hilo. Mwanangu, jitahidi uwe daktari ambaye nesi haogopi kumwamsha. Mengine wadau wataongeza.

Mzee wa Kibirizi

Mkunga shikamoo. Mwambie abebe dagaa wakavu, huko Nile kuna samaki lakini hakuna dagaa wa Kigoma.

Halafu nimkumbushe daktari mgeni wa kwanza maarufu aliyefika hapa kwetu Ujiji. Livingstone alikuwa daktari kweli, wa kusomea, watu wanamjua kama mpelelezi tu. Januari 1867 wapagazi walimtoroka na sanduku lake la dawa, kwinini ikiwemo. Alipofika Ujiji Machi 1869 alikuwa hoi kwa ugonjwa wa mapafu, amebebwa machelani na watu wa msafara wa Mohamad Bogharib. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja yeye ndiye akaponeshwa! Kwa hiyo kijana asiende na kiburi, na sanduku la dawa alale nalo.

Unyanyembe

Mimi ni wa Tabora, mtanisamehe watani. Hili jambo mbona mnalipigia makofi? Kijana kasomeshwa kwa mkopo wa kodi zetu, vituo vya afya vijijini kwetu unakuta tabibu mmoja anafanya kila kitu, halafu daktari anapanda ndege kwenda kutibu nchi ya watu. Sisi bado tunapokea msaada wa madaktari. Wachina wanaleta timu zao Tanzania Bara tangu 1968, na Tabora wamekaa miaka mingi. Leo na sisi tunatoa? Tuna nini cha kutoa?

Mkunga wa Gungu

Unyanyembe, swali lako ni zuri na sitalikwepa. Ila usimwulize kijana, waulize wanaopanga ajira. Unakumbuka 2017? Machi mwaka ule Rais Magufuli alikubali kuwapelekea Kenya madaktari 500, baada ya ule mgomo mrefu wa madaktari wao. Maana yake tulikuwa na madaktari mtaani wa kutosha kuazima jirani, wakati huo huo vituo vyako vya Tabora havina. Kesi ikafunguliwa kule Kenya, mpango ukakwama, na Aprili akaagiza wale 258 waliokuwa wameomba waajiriwe hapa hapa nyumbani. Kwa hiyo nafasi ya kuajiri ilikuwepo kumbe.

Huyu wetu amejitolea, kaomba, kazungushwa. Akae nyumbani akiangalia cheti ukutani ili wewe uridhike? Akirudi baada ya mwaka na mikono iliyozoea, mtamwajiri Tabora?

Unyanyembe

Tukimwajiri mtamruhusu? Haya, nimeelewa hoja. Sijakubali yote.

Nile Mweupe

Nimeuona uzi huu nikiwa safarini, nimesimamisha kila kitu. Mimi ni tabibu, mtu wa Kibondo, nimefanya kazi Sudan Kusini, jimbo la Jonglei kwanza kisha jimbo la Unity. Dogo, shika haya.

Mvua. Usichukulie kama masika ya Kigoma. Kuanzia kama Mei mpaka Oktoba ardhi kule ni udongo mweusi wa mfinyanzi, gari linazama mpaka milango. Dawa, chakula, wewe mwenyewe, vyote vinategemea ndege ndogo inayotua kwenye uwanja wa udongo, na uwanja ukilowa ndege haitui. Kwa hiyo rufaa uliyoizoea ya kuandika karatasi na kuita gari la wagonjwa isahau. Mgonjwa uliyenaye ndiye huyo, na dawa uliyonayo ndiyo hiyo. Siku ya kwanza uliza stoo, kabla hata ya kuuliza kitanda chako. Ujue kuna dripu ngapi, sindano za artesuneti za malaria kali ngapi, damu inatoka wapi.

Magonjwa. Malaria unaijua, nimonia unaijua, surua utaiona mpaka uichoke. Lakini kala-azar hujaiona Kigoma. Mtoto ana homa zaidi ya wiki mbili, wengu limeshuka mpaka kitovuni, amekonda miguu kama vijiti, umempima malaria haipo au umeshaitibu na homa ipo palepale. Huyo mpime kala-azar. Inaletwa na kijidudu kinachouma jioni na usiku, kidogo kuliko mbu, kinapita hata kwenye matundu ya chandarua cha kawaida. Tiba tuliyotumia ni sindano mbili tofauti kila siku kwa siku 17. Zinauma. Mama wa mtoto ametembea siku kadhaa kufika na nyumbani ameacha wengine, siku ya tano homa ikishuka anataka kuondoka. Ukimfokea anaondoka usiku. Sisi tulikuwa tunamtafuta mama mwingine aliyebakiza siku chache kumaliza, anakaa naye chini ya mti, wanaongea Kinuer yao, kesho yake mama yupo.

Mjamzito mwenye macho ya njano usimpitie kirahisi. Homa ya ini aina ya E ipo sana kwenye makambi ya waliohamishwa, inakuja na maji machafu. Mtu mwingine anaumwa wiki chache anapona. Mjamzito wa miezi ya mwisho akiipata, hata mmoja kati ya wanne au watano anaweza kufa. Bentiu, huko Unity, ndiko chanjo yake ilikotumika kwa mara ya kwanza kuzima mlipuko, 2022.

Lugha. Juba utapata watu wa Kiswahili, wengi waliishi Kenya na Uganda, na nchi imo Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016. Ukitoka Juba Kiswahili kimeisha. Mkalimani ndiye atakuwa masikio yako. Mama wa uzazi mtafutie mkalimani wa kike, na usimtumie mtoto wa mgonjwa kumtafsiria mama yake habari za kutokwa damu. Nimeona hilo likifanyika, na mama akasema tumbo linauma basi.

Wewe mwenyewe: chanjo ya homa ya ini aina ya B kama hujamaliza dozi tatu anza leo, kadi ya homa ya manjano weka pamoja na pasipoti. Ukichomwa sindano ya mgonjwa, dawa za kinga ya VVU ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora, usione aibu kuripoti. Usiseme "mimi wa Kigoma malaria ni ndugu yangu". Umekaa chuoni miaka, kinga ile ya utotoni imeshapungua. Mkataba soma kipengele cha bima na cha kukutoa kwa ndege ukiumia. Kama hakieleweki, uliza kabla ya kusaini, hawatakunyima kazi kwa kuuliza.

Na glavu, glavu, glavu. Ebola mara ya kwanza kutambuliwa duniani ni 1976, Zaire na huko huko Sudan ya kusini. Huko kusini ilianza Nzara, ikalipukia Maridi, na hospitali ya Maridi ndiyo iliyoisambaza, wahudumu wenyewe wakafa. Wagonjwa 284, waliokufa 151. Mgonjwa anayetapika damu hakusubiri wewe ukatafute aproni.

Nimeandika mengi, simu inazima.

Mzee wa Kibirizi

Nile Mweupe umenifanya nikumbuke Kagunga 2015. Warundi makumi elfu wamerundikana kwenye kijiji chembamba kati ya mlima na ziwa, barabara hakuna, kipindupindu kimeingia. Zaidi ya 30 walikufa na walioumwa walifika maelfu. Meli ya Liemba ikawa inasomba watu kuwaleta mjini, wakishukia hapa wanapelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika.

Boti yetu ilibeba watu wa afya. Kulikuwa na daktari mmoja wa kike, mgeni, mdogo kama binti yangu wa mwisho. Tumefika, kila mtu anavuta masanduku ya dawa. Yeye akaniuliza mimi, mtu wa boti: "Baba, hawa watu maji wanachota wapi, na haja wanakwenda wapi?" Nikamwonyesha. Palepale. Mita chache tu. Akaacha sanduku lake mchangani akaenda kutafuta wa kumsaidia kuhamisha sehemu ya kuchota na kutia dawa kwenye ndoo. Sanduku nililinda mimi.

Mimi sijasoma udaktari lakini nilijua yule anajua kazi.

Mtoto wa Fizi

Salamu kwenu wote. Mimi ndiye mnayemwita mgonjwa. Wazazi wangu walivuka ziwa kutoka Kongo 1996, mimi nimezaliwa Nyarugusu na kusoma Nyarugusu.

Mama yangu ana presha. Katika maisha yangu nimeona madaktari wakija na kwenda kama mabasi ya Kasulu. Kila mpya anauliza upya: mama ulianza lini, unatumia nini, una watoto wangapi. Kila mpya anabadilisha dawa, maana huko kwao wanatumia nyingine. Mama alifika mahali akawa anaweka maboksi yote ya dawa, matupu na yenye vidonge, kwenye mfuko mmoja wa rambo. Akiingia kwa daktari hasemi neno. Anamwaga mezani. Wengine walicheka. Mmoja peke yake aliyapanga yale maboksi kwa tarehe, akamwita baba aingie, akaandika kwenye kadi kwa herufi kubwa zinazosomeka: asubuhi hii, jioni hii, hii usinywe tena. Kadi ile mama anayo bado, na waliomfuata waliifuata kwa sababu ilikuwa inasomeka.

Kwa hiyo dokta, andika vizuri. Si kwa ajili yako. Kwa ajili ya atakayekuja ukiondoka, maana utaondoka, sisi tunajua hilo tangu siku ya kwanza unashuka kwenye gari.

La pili, picha. Kuna mtoto wa shangazi yangu alipigwa picha akiwa uchi na tumbo limevimba, mama yake amesimama pembeni haelewi. Picha imekwenda wapi hatujui. Simu yako iache mfukoni. Ukitaka picha ya ukumbusho, ngoja mtoto apone, avae nguo ya Jumapili, mama yake aombwe. Atakubali na atachana nywele.

Unyanyembe

Hapo kwenye picha nasimama na wewe ndugu yangu.

Dokta Mgebuka

Shikamoo mama mdogo. Shikamooni wazee, na wengine wote habari zenu. Ndiyo mimi mnayemjadili, mama mdogo kanitumia hii kitu nikasoma mpaka chaji ikaisha.

Unyanyembe, kaka, sina ugomvi na wewe, mimi mwenyewe nimejiuliza hilo. Nile Mweupe, asante sana, nimeshaandika ya kala-azar kwenye daftari. Mtoto wa Fizi, nimekuelewa.

Naomba mnisaidie moja linaloninyima usingizi. Barua ya kazi inasema nitasimamia wodi ya wazazi. Kusimamia! Nimefanya upasuaji wa uzazi, si haba, lakini daima kulikuwa na mkubwa wa kumpigia simu. Kule wahudumu wapo miaka mingi, wananizidi umri, wanajua nchi yao. Nikifika nianze na nini? Nibadilishe vitu au nikae kimya? Nikikaa kimya kina mama wanakufa. Nikibadilisha nitakuwa yule wa "sawa dokta".

Nile Mweupe

Wakubwa wa kuwapigia wapo, wengi wana laini ya setelaiti au ya mtandao, utaelezwa ukifika. Ila lile swali la pili mwachie mama yako mdogo.

Mkunga wa Gungu

Marahaba mwanangu. Nilikuwa nangoja uulize hilo, na jibu lake lipo hapa hapa Kigoma, huhitaji kulifuata mbali.

Miaka ya themanini hospitali yetu ya mkoa, hiyo Maweni, ilikuwa inapoteza kina mama kwa kiwango cha kutisha. Kigoma ya wakati ule ilikuwa mbali na kila kitu. Usafiri ni treni tu. Ukipelekwa kazi Kigoma watu walikupa pole. Akaja daktari anaitwa Godfrey Mbaruku. Hakuwa mgeni wa nchi, lakini kwa Kigoma ile aliyetoka nje ya mkoa alikuwa mgeni tu.

Angalia alianzia wapi. Alirudi kwenye mafaili. Vifo vya 1984 hadi 1986, kimoja kimoja, na akakuta vingi hata havijaandikwa kwenye takwimu. Hapo ndipo alipojua tatizo lenyewe likoje. Halafu kuanzia 1987 hadi 1991 wakatekeleza mambo 22. Ukiyasoma utasema mbona ya kawaida: vikao vya kupitia kila kifo, kila mtu wa wodi akijua wajibu wake. Vifaa vitunzwe na kukarabatiwa kwa ratiba. Mafunzo hapo hapo kazini. Utaratibu wa kuhudumia ulioandikwa, unaofuatwa na wote. Damu ipatikane. Kutumia kilichopo badala ya kusubiri cha Dar es Salaam. Vifo vilishuka kutoka 933 kwa kila vizazi hai 100,000 mpaka 186. Yeye na Profesa Staffan Bergström wa Sweden waliichapisha 1995, inasomwa duniani mpaka leo, na nina hakika wenzako wengi wa Kigoma hawaijui.

Mashine mpya haikushushwa pale. Watu walewale, jengo lilelile.

Sasa ulichouliza. Mwezi wa kwanza usibadilishe chochote isipokuwa kinachoua leo hii. Mama anatoka damu, fanya kazi yako, hilo haliombewi ruhusa. Lakini mpangilio wa wodi, dawa ziko kabati gani, nani anapokea simu ya usiku, viache. Chukua kitabu cha vifo na kitabu cha wazazi, kaa na mkunga mzee kuliko wote pale, umwombe akueleze kila mama aliyekufa mwaka uliopita. Sio "kwa nini mlimwacha afe". Mwulize alifika saa ngapi, alikaa wapi kabla hajaonwa, nini kilikosekana. Utashangaa. Mara nyingi ni ufunguo wa stoo ulikuwa na mtu aliyelala mbali, au ndugu waliogopa kutoa damu na hakuna aliyewaeleza, au taa. Akishakueleza, atakwambia mwenyewe nini kibadilishwe. Na yeye ndiye atakayekibadilisha, maana wewe mkataba wako una mwisho.

Halafu usidharau kada. Huko utakuta matabibu wanapasua. Utafiti uliofanyika hapa Kigoma na Mwanza, ukachapishwa 2009, ulikuta upasuaji mwingi wa uzazi hospitali za wilaya ulikuwa unafanywa na madaktari wasaidizi, na matokeo yao hayakutofautiana na ya wenye shahada kama yako. Mimi nimesaidia upasuaji na madaktari wasaidizi ambao mkono wao ulikuwa mtulivu kuliko wa mabingwa.

Na kuna kitu kimoja cha kitabuni nakitaka ukikumbuke kila utakapojiona unajua. 2011 ulitoka utafiti wa watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanzania, wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Vitabu vilisema wamiminiwe maji haraka kwenye mshipa. Waliomiminiwa walikufa karibu 10.6 kwa kila mia ndani ya saa 48. Ambao hawakumiminiwa, 7.3. Kitu kilichofundishwa dunia nzima, na kilipokuja kupimwa kwa watoto wetu kikaonekana kinaua. Yule nesi wa Kikongo na koki yake hakuwa mjinga.

Dokta Mgebuka

Mama mdogo, huo wa 2011 tulifundishwa, ila kama aya moja ya mtihani. Huu wa Maweni kwa kweli sikuwahi kuusikia, na nimezaliwa hapo Maweni!

Mzee wa Kibirizi

Umezaliwa humo 90 na ngapi? Basi na wewe umo kwenye hizo hesabu, dogo, upande wa waliopona 😂

Unyanyembe

Mkunga, hiyo karatasi ya mambo 22 ikipatikana iwekwe hapa. Kuna mganga mfawidhi wa kituo kimoja huku kwetu nataka nimpelekee. Dokta, nenda salama. Ukirudi pitia Tabora kabla hujafika Kigoma, treni inasimama.

Mtoto wa Fizi

Dokta, mama yangu anauliza unajua kuandika kwa herufi kubwa?

Dokta Mgebuka

Mwambie mama nafanya mazoezi kuanzia leo. Mwandiko wangu manesi wa wilaya wanaujua, naomba wasiingie kwenye uzi huu.

Mama mdogo, la mwisho. Vitu vya kubeba: tochi ya kichwani ninayo, kipima oksijeni cha kidoleni nimenunua, mabuti ya mpira nitanunua sokoni Mwanga. Kuna kingine?

Mkunga wa Gungu

Betri za hiyo tochi. Chandarua chenye matundu madogo, umesikia habari ya kile kijidudu. Dagaa wa Mzee wa Kibirizi funga mara mbili, usije ukanukisha ndege ya watu.

Na Alhamisi saa mbili asubuhi tuna kikao cha kupitia vifo vya wazazi na watoto wachanga. Nimezungumza na mganga mfawidhi, amekubali uje ukae nyuma. Njoo na daftari. Usiongee mpaka uulizwe, na watakuuliza.

Dokta Mgebuka

Nitakuja saa moja na nusu.